Shimo la Tano

Dada yangu mpenzi,

Sisi wazima, ila mgongo wangu umegoma. Tulipohamia tu, tulipanda miti uani. Baba watoto ndiye aliyechimba, kila mtu na shimo lake, kama kule tulikotoka. Alipomaliza nikahesabu: matano. Nasi tumebaki wanne, dada, tangu tumzike kitindamimba.

Tulipanda miche minne, tukanawa mikono. Nikamwambia baba watoto alifukie lililobaki. "Kesho," akasema. Kesho hiyo sasa ina wiki tatu.

Kila asubuhi nalikuta limemwagiwa maji. Nikiuliza, wote wanaruka kimanga. Leo nimelikuta limekauka. Nikaangalia huku na huku, nikachota ndoo nzima.

Mama asijue.

Ni mimi, mdogo wako.