Jina Lililokuwa Chini ya Barakoa

Mwaka umetimia Jumatano iliyopita, Mama, tangu tulipokusindikiza makaburini ukiwa na gauni lako la bluu na uso wazi, kama ulivyotaka. Misa ya mwaka imesomwa, watu wamekula na kuondoka. Nasi, badala ya kukaa tukulilie kwa utulivu, tumekasirika. Tutakuambia kwa nini, maana wewe ulipenda kuambiwa mambo usoni.

Hapa mtaani kwetu, mjini Gómez Palacio, walikujua kama Doña Chelo wa gordita. Kila asubuhi ulikuwa mlangoni na kikaango chako, unakanda unga wa mahindi, unajaza maharage na nyama ya pilipili. Mwenye njaa asiye na kitu alikula kwanza, maneno baadaye. Hata yule mbwa mkorofi wa jirani alikuwa na fungu lake.

Jumapili ulikuwa mtu mwingine. Ulikuwa Tandu Mwekundu, mwanamieleka mwovu kuliko wote, mvuta nywele, mng'ata masikio refa akigeuka, uliyezomewa hadi mabati ya ukumbi yakatikisika. Barakoa uliishona mwenyewe, nyekundu, na miguu ya tandu ikishuka mashavuni kwa uzi wa manjano. Ulianza enzi ambazo wanawake walikatazwa kupigana katika mji mkuu, kwa hiyo ulipigana kwenye minada ya ng'ombe na viwanja vya kupiganishia majogoo. Mlango ulipofunguliwa, wakakuambia umezeeka. Hilo halijatutoka rohoni mpaka leo. Wewe ulicheka tu, ukarudi kukanda unga.

Don Eleuterio, fundi viatu jirani yetu, hakukosa pambano hata moja. Jumapili alikutukana mpaka sauti ikamkauka. Jumatatu alikuja kula kwako.

"Doña Chelo, yule Tandu ni shetani. Jana kamng'ata binti wa watu."

"Masikini. Nikuongeze pilipili?"

"Ongeza. Siku atakayovuliwa ile barakoa mimi nitakuwa mstari wa mbele. Nataka niione hiyo sura mbovu."

"Na akiwa mzuri je?"

"Mzuri? Na roho ile?"

"Kula, Don Eleuterio, inapoa."

Sisi tulikuwa jikoni tumejiziba midomo kwa vicheko.

Lakini siri yako ilikuwa na mzigo, na mzigo wenyewe aliubeba Baba. Ulirudi leo jicho limevimba, kesho mbavu zimefungwa bandeji, na mtaa ukaamua kwamba Gilberto mwoka mikate anampiga mkewe. Baba huyu huyu, ambaye hata nzi humfungulia dirisha atoke. Padri alimwita akamkanya. Wanawake wakaacha kununua mikate kwake, na wengine hadi leo hawamwamkii. Alinyamaza kwa sababu wewe ulimwomba anyamaze. Tulikulaumu kwa hilo, Mama, na bado tunakulaumu.

Jibu lako lilikuwa moja siku zote. "Mkimtaja, mmemuua. Doña Chelo afe, Tandu abaki." Ukatuapisha kitandani, mmoja mmoja, mkono wako umeshakonda lakini bado unaminya kama koleo. Tukaapa.

Hukumfikiria Don Facundo Lerma. Promota huyo ndiye mtu pekee wa nje aliyeijua sura iliyokuwa chini ya barakoa, na mazishini hakukanyaga. Sasa amemleta mwanamke wa makamo kutoka Zacatecas, amemvika barakoa nyekundu iliyodariziwa kwa mashine, miguu ya tandu imenyooka kama meno ya kitana, na ametangaza kwamba kesho Jumapili Tandu Mwekundu anaiweka barakoa yake rehani ulingoni. Atashindwa. Amelipwa ashindwe. Na sheria ya mchezo wetu unaijua: aliyeshindwa huvuliwa, husimama katikati ya ulingo, hutaja jina lake, alikozaliwa na miaka aliyopigana. Mwanamke huyo atataja jina lake yeye, na miaka yako wewe. Kuanzia hapo huyo ndiye atakuwa Tandu, na wewe hutakuwa umewahi kupanda ulingo wowote.

Mwanao Abundio alikwenda kumkabili Don Facundo.

"Huyo si Tandu, na wewe unajua."

"Kijana, kama si huyu, ni nani?" Don Facundo akamuuliza, huku akitabasamu. "Nitajie jina. Nakusikiliza."

Kiapo chako kilimzuia Abundio, akarudi nyumbani analia kwa hasira, mtu mzima yule.

Baada ya misa tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Dada yako Otilia alisema kiapo ni kiapo, na maiti haambiwi uongo. Maricruz, binti yako wewe mwenyewe kwa ukaidi, alisema maiti pia haibiwi. Baba alikuwa anakusanya makombo mezani, kama kawaida yake. Mwisho akaweka kitambaa chini.

"Mimi nimeitwa mpiga mke nikanyamaza. Hilo niliweza," alisema. "Lakini mtu mwingine ataje jina lake ndani ya barakoa ya mke wangu? Hapana. Andikeni jina lake gazetini. Nikikutana na mke wangu huko mbinguni, nitagombana naye mwenyewe."

Basi, Mama, tumefanya kile ambacho wapinzani wako wote walishindwa. Tusamehe ukiweza, na usipoweza, tutakuja kukabiliana nawe zamu zetu zikifika.

Jina lako ni Consuelo Arreguín Zapién. Ulizaliwa Lerdo, Durango. Ulipigana miaka ishirini na saba, na ulingoni hakuna aliyewahi kukuvua barakoa.

Barakoa yenyewe iko nyumbani, juu ya meza, kando ya kikaango chako. Anayebisha aje aione kesho, saa za pambano. Baba atafungua mlango mwenyewe, na mkate utakuwepo.

Unakumbukwa na mumeo Gilberto, ambaye hajawahi kukuinulia mkono; dada yako Otilia, ambaye bado amenuna lakini amekubali jina lake liandikwe; wanao Maricruz na Abundio; na Don Eleuterio, ambaye tulimsomea tangazo hili jana kabla ya kulipeleka gazetini. Alimwendea Baba, akavua kofia.

Tutakukumbuka daima, Mama, kwa majina yako yote mawili.