Majibu ya Damu ya Chiriku

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila mgongo umekufa ganzi kwa kuinamia cherehani.

Majibu ya damu ya Chiriku, mjukuu unayenilelea huko, yametoka. Kipimo cha karanga: mbili. Daktari amesema namba hiyo inaonyesha kuwa huenda mwili wake unazikataa, haipimi ukali. Mwenye namba ndogo naye anaweza kufa. Kwa hiyo asionje hata punje, sufuria yake iwe peke yake, na sindano ya dharura ninayokutumia na barua hii ikae karibu naye. Ukiona midomo inavimba au anakohoa, mchome pajani, kisha mbio hospitali.

Najua karanga ndizo zilizonisomesha. Nisamehe, Mama, usizikaange tena nyumbani.

Mwanao

29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, linatabiri mvua kuliko redio.

Karanga nakaangia kwa jirani sasa. Lakini mbili, mwanangu! Ukipata mbili kwenye mtihani unaambiwa hujui kitu. Huo si ugonjwa, ni salamu tu. Juzi nilimtafunia punje moja, kama nilivyokutafunia wewe. Hata chafya hakupiga. Mwili hufundishwa, nitamwongezea kidogo kidogo.

Mama yako

11 Aprili

Mama, usimpe!

Barua yako imefika leo. Simu ya jirani haipatikani. Kutodhurika mara ya kwanza si kinga. Nakupigia magoti, usimpe tena. Nimeomba ruhusa kazini, wananizungusha.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Sina uso wa kukujulia hali.

Barua yako ilikuta maji yameshamwagika. Nilimpa punje tatu. Alikohoa, midomo ikavimba, macho yakanitazama mimi tu. Nilimchoma pajani, tukakimbilia hospitali. Nesi alisema tungechelewa kidogo, tungekuwa matangani. Yuko hai, tumerudi nyumbani. Kikaango nimempa jirani, biashara nimeacha.

Ila tangu tulipotoka hospitali hataki kula kitu kilichopita mkononi mwangu. Anakula kwa mke wa jirani. Jana mama huyo hakuwepo, nikanawa mikono mara tatu mbele yake, nikammenyea chungwa. Akaficha mikono mgongoni. "Bibi, mimi sina njaa." Na tumbo lake nalisikia linanguruma.

Wakikunyima ruhusa, acha kazi. Njoo umchukue.

Bibi yake