Mche Usio na Miiba

Jumapili, 2 Machi

Nimeukagua ua mpya baada ya mvua. Michongoma imeshika, imenyooka kama ilivyopangwa kwa kamba. Isipokuwa mmoja — nao si mchongoma! Karibu na bomba la maji umechipuka mche mwingine kabisa. Majani laini, yanang'aa, machanga yana wekundu kidogo. Hauna mwiba hata wa kusingiziwa. Tayari umewapita wenzake kimo.

Michongoma hii yote aliiotesha mume wangu mwenyewe, katika viriba vyeusi vya plastiki nyuma ya jiko, kabla ya kiharusi. Mimi na mtunza bustani tuliihamisha tu. Bwana misitu wa maisha mazima hachanganyi mbegu. Basi huu ama ndege ameuangusha, ama yeye ndiye aliyeuweka kiribani. Nitajua.

Nilimwongoza hadi dirishani, nikamwonyesha. Aliutazama sana. Akafungua kinywa. Akakifunga, akageukia ukuta.

Jumatatu, 3 Machi

Mtunza bustani, ambaye mtaa mzima unamwita Mkasi, amekuja kupalilia. Nimemwuliza ni mti gani.

"Huo? Magugu, Mwalimu. Mgeni asiyepiga hodi."

Nimemwambia kwamba magugu si jina, kama vile "mtu" si jina. Akacheka. Basi yeye atauita Shemeji, maana umejipachika katikati ya familia na hakuna ajuaye umekuja na nani. Akaahidi kuung'oa Jumamosi, siku ya kupunguza ua. Nimemkataza. Haking'olewi kitu kisichojulikana.

Alasiri akaja binti yetu. Yuko upande wa Mkasi. Anasema mizizi italitafuta bomba, na siku moja tutaamka jiko limekuwa bwawa. Akaupiga mche picha kwa simu ili simu itambue. Mparachichi! Akapiga tena. Mdalasini! Mara ya tatu, pambo la ndani la kuwekwa kwenye chungu. Shahidi anayegeuza maneno namna hiyo hasikilizwi hata na hakimu mlevi.

"Muulize baba yako," nikasema.

Akanisogelea, akashusha sauti: "Mama, baba hana maneno tena. Mwache apumzike."

Alishusha sauti bure. Masikio ya mume wangu hayakupooza. Nilimwona akikunja vidole vya mkono mzima.

Hana maneno! Mtu aliyekuwa akipita njiani akiitaja miti kama anayesalimia jamaa zake. Tangu atoke hospitalini alikuwa na "ndiyo" na "hapana", akitoa moja mahali pa nyingine. Kisha hata hizo akaziacha. Mtaalamu wa usemi alisema tusimlishe maneno, tumpe nafasi. Vyema. Nafasi ni hii: mti huu atautaja yeye, kabla ya Jumamosi.

Jumanne, 4 Machi

Nimemsomea majina ya miti, atikise kichwa nikipatia. Nilipofika kwenye mivule alifumba macho. Hakulala. Alikuwa ananivumilia.

Njia mbaya. Nimeiacha.

Jumatano, 5 Machi

Nimelifikicha jani moja kwa vidole, kama alivyokuwa akifanya yeye, nikanusa.

Sanduku letu la nguo!

Nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, nikacheka peke yangu. Harufu ya sanduku lililo miguuni pa kitanda chetu, alilolichonga mwenyewe kwa mbao za mkafuri ulioangushwa na upepo, mwaka tuliooana. Siku alipolimaliza aliniambia kwamba iko siku atanioteshea mkafuri wa kwangu. Nilidhani ni maneno ya bwana harusi.

Kumbe! Hakuchanganya mbegu hata kidogo.

Sasa ninalo jina, na sitalitamka. Nikilitamka nitakuwa nimemfanyia mtihani wake. Nimemwekea jani kwenye mkono mzima. Akalivunja kwa kidole gumba, akalipeleka puani. Macho yake! Anaujua. Naapa anaujua. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Nilingoja mpaka chai ikapoa.

Ijumaa, 7 Machi

Binti amepiga simu. Mkasi anakuja kesho asubuhi, naye atakuwepo ili nisimzuie.

"Kwani umeshaujua ni mti gani?"

"Nimeujua."

"Basi sema, mama!"

"Si zamu yangu."

Akauliza polepole: "Na zamu yake isipofika?"

Nilimwambia sufuria inafoka. Haikuwa inafoka.

Jumamosi, 8 Machi

Mkasi amekuja na jembe. Binti alisimama kati yangu na ua, kama askari. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa kugombana, hata sentensi ya kwanza nilikuwa nayo. Mlango ukalia nyuma yetu.

Mume wangu. Ameshuka ngazi mwenyewe, kwa fimbo, hakushikwa na mtu. Alitembea hadi kwenye ua na kuligonga jembe kwenye mpini.

"Si hapa," akasema.

Wazi kabisa. Si — hapa. Binti aliketi chini palepale kwenye tope, na gauni lake la kutokea. Mkasi ndiye aliyepata sauti kwanza: "Haya, mzee wangu, Shemeji alale wapi?" Fimbo ikainuka, ikaelekea pembe ya mbali ya kiwanja, mbali na bomba, mbali na nyumba. Palipo na kamba yangu ya kuanikia nguo.

Nimeifungua kamba mwenyewe.

Mkasi alichimba shimo pana, akauinua mche na donge la udongo wake. Mzizi mkuu ulikatika ncha. Nilisikia. Sasa majani yamelegea yote. Mkasi anasema ni homa ya kuhama. Itapita, au haitapita. Binti amenibana jikoni nimwambie jina, sasa hivi, sikioni tu. Nimekataa. Akacheka huku anajifuta machozi. "Wewe mwanamke ni mgumu!" Ndiyo.

Ninaandika mezani jikoni, dirisha wazi. Mume wangu amekataa kuingia ndani. Tumempelekea kiti, amekaa kando ya mche, kikombe cha maji mkononi, anaumwagia kidogo kidogo. Binti amechuchumaa mbele yake.

Anajaribu. Naisikia herufi ya kwanza, m. Miti yote huanza hivyo, hiyo haihesabiki. Amekwama. Binti amegeuka, ananitazama dirishani kwa macho ya kuomba.

Nimetikisa kichwa.

Ameweka kikombe chini. Anavuta pumzi. Anaanza tena, m —