Mimi Si Dokta

Jumatatu, 3 Novemba

Maji yametoka bombani alfajiri, baada ya siku sita. Nimejaza madumu manne, nimefua nepi za mwanetu Neema, nimebandika uji. Mke wangu ana zamu shuleni wiki hii, mimi naingia zahanati saa mbili. Sasa nepi zimngoje nani? Jirani, Baba Hamisi, kapita na baiskeli akaniona naanika. "Umelishwa limbwata, wewe!" Nimemwambia limbwata lenyewe tamu, na yeye aombe apikiwe. Kacheka nusura aanguke.

Mchana nimezalisha. Zainabu, mimba ya kwanza. Mama mkwe wake, Bi Somoe, alisubiri barazani. Kila nikitoka: dokta, vipi? Dokta, bado? Mtoto wa kike, analia kama kadhulumiwa. Nina furaha.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeponzwa na mdomo wangu. Bi Somoe kaja kumchukua mkwe wake. Shukrani nyingi, dokta huku, dokta kule. Nikamwambia, mama, mimi si dokta, ni nesi mkunga. Akauliza: nesi? Nikasema ndiyo. Akajifunga kanga vizuri, akaondoka bila kuaga.

Hapa Makote mwanaume akivaa koti jeupe ni dokta, na dokta akitazama si dhambi. Nesi ni mwanamke. Nesi mwanaume? Huyo kaingia kuchungulia wake za watu. Ningefunga mdomo yangepita. Lakini ukunga nimeusomea miaka mitatu, sijifichi nyuma ya jina la kazi ya mtu mwingine.

Jumatano, 5 Novemba

Kijiji kizima kinajua. Mwenyekiti wa kamati ya zahanati kaitisha kikao kesho, ajenda ni mimi. Wanataka nitolewe chumba cha kujifungulia, nikae dirisha la dawa. Mwenzangu pekee, Sista Rehema, yuko likizo ya uzazi. Nikitolewa, wajawazito watapanda pikipiki mpaka Newala mjini, na uchungu tumboni. Nimekasirika kwa ajili yao. Na kwa ajili yangu pia, nimfiche nani? Kazi hii naiweza.

Baba kapiga simu kutoka Chiwata. Habari imemfikia hata huko. Ati nirudi tulime mikorosho, kazi ya kiume. Nimemwambia mikorosho nitakuja kuipalilia nikipata likizo.

Alhamisi, 6 Novemba

Kikao. Wanaume mbele kwenye viti, wanawake nyuma kwenye mikeka. Mwenyekiti kaongelea heshima nusu saa, wanaume wanaitikia. Kisha kamtaka Bi Somoe asimame aeleze alivyozalishwa mkwe wake. Mambo ya uzazi hayasemwi mbele ya wanaume. Mwenyekiti kalijua hilo tangu utotoni, leo kajisahau. Bi Somoe kamtazama weee. Akasema: "Haya ni yetu. Wanaume tokeni nje."

Wametoka wote, mwenyekiti na daftari lake. Nami nikainuka. Nimefika mlangoni namsikia Bi Somoe nyuma yangu: "Nesi, unakwenda wapi? Kaa chini."

Nimekaa. Mkekani, katikati yao.

Wamenihoji saa nzima. Waliyosema siyaandiki, hata humu. Zainabu tu nitamtaja: kasema kwa sauti ndogo kwamba kila nilipotaka kumgusa nilimwomba ruhusa kwanza. Bi Somoe naye kanipa langu. Kosa langu si uanaume, kosa ni kumwacha yeye barazani kama mgeni huku mkwe wake anahangaika peke yake. Kweli tupu. Nimeomba radhi. Tumekubaliana kila anayejifungua aingie na mwanamke wake. Mimi nabaki.

Nje mwenyekiti kauliza tumeamua nini. Bi Somoe kamjibu hayamhusu.

Jumapili, 9 Novemba

Siku yangu ya mapumziko, lakini wameniita asubuhi. Mwanamke wa uzao wa nne, hakuchelewa. Mama yake alimshika mkono mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyenishangaa. Mtoto wa kiume.

Bibi kampokea kwenye kanga, akamtazama, akanitazama mimi. Akauliza, na huyu naye atakuwa nesi? Binti yake akajibu kitandani, macho kayafumba: "Akipenda."

Nimenawa mikono, nikakaa nao kidogo.