Nimerudishiwa Nafasi Yangu Kwenye Msumeno, Mbona Sina Raha?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na nikuombe mapema usinicheke, maana anayekuandikia ana mume mzuri, watoto wazima na chakula mezani, na hata hivyo wiki hii nzima amekosa raha.

Mimi na mume wangu tuna kiwanda kidogo cha kupasua mbao, tulikianza tukiwa wachumba, na msumeno wa mtumba uliokuwa ukizimika kila ukikutana na gogo nene, na tangu siku hizo yeye husukuma gogo mbele nami hupokea mbao nyuma, na kwa kuwa msumeno ukiwaka hata upige kelele vipi hakuna anayekusikia, sisi huongea kwa mikono. Nikiinua kiganja, apunguze mwendo. Nikizungusha kidole, ageuze gogo. Nikijishika kiuno, basi, njaa imeingia. Watu huidharau kazi ya kupokea, wanadhani ni kubeba tu, kumbe anayepokea ndiye anayeona wa kwanza mbao ikianza kuharibika, kwa sababu gogo likisukumwa kwa pupa msumeno hupata moto, ukipata moto huyumba, na mbao hutoka nene huku, nyembamba kule. Anayesukuma haoni hilo. Humtazama anayepokea.

Sasa binti yetu mkubwa ameolewa, na mumewe akaja kufanya kazi nasi, kijana mpole, mwenye adabu, sina neno naye. Wakakaa kikao bila mimi, mume wangu, binti na mkwe, wakaamua mama amechoka, mama apumzike, na mume wangu akanijengea ofisi kwa mikono yake mwenyewe, ina feni, kiti cha kuzunguka, meza aliyoiranda mpaka ukiigusa mkono unateleza, na dirisha kubwa ambalo sijui alifikiria nini akalielekeza kwenye msumeno badala ya barabarani wanakotokea wateja. Nikafunguliwa mlango kama bibi harusi. Majirani wakanipongeza, mmoja akasema laiti mumewe naye angekuwa na akili hizo, nikacheka nao, nikasema asante, nikakaa. Mshauri, nilikichukia kile kiti tangu dakika ya kwanza. Lakini utaanzaje kumwambia mtu aliyekujengea ofisi kwamba huitaki?

Basi wiki iliyopita fundi seremala, mteja wetu wa siku nyingi, alileta gogo la mti mwekundu alilolitunza kwa ajili ya milango ya nyumba yake mwenyewe. Nikiwa dirishani na kikombe cha chai nikasikia msumeno umebadili sauti, umeanza kuguna, nikajua mume wangu anaharakisha na mkwe nyuma hajaona kitu. Ningeinua kiganja tu, mume wangu angeniona. Sikuinua. Nilijiambia hiyo si kazi yangu tena, si walisema nipumzike, nikaendelea kunywa chai yangu, na mbao zikatoka mawimbi matupu.

Seremala alishika kichwa. Mume wangu, ambaye si mtu wa kugombana, alimgombeza mkwe mbele ya seremala na vibarua wote, na kijana akasema tu, "Samahani baba, kosa ni langu." Tukampa seremala gogo letu zuri kuliko yote, akaondoka ameridhika nusu. Jioni mume wangu akaniambia, "Kijana hawezi. Kesho rudi nyuma ya msumeno." Sikufichi, moyo wangu uliruka kwa furaha.

Nimerudi, kazi inakwenda, mume wangu anapiga miluzi kama zamani. Lakini mkwe sasa anapanga mbao uani peke yake, haongei na mtu, na binti yangu ananiambia mumewe anatafuta kazi kwingine kwa sababu ameona hafai. Jana mkwe alinifuata akaniuliza, "Mama, wewe unajuaje kabla haijaharibika? Nifundishe tu, hata kama sitarudi pale." Nikamjibu atazoea, nikaondoka haraka. Nikisema ukweli nitaonekana mama mkwe mbaya aliyemponza mkwe wake, na huenda nikarudishwa kwenye kile kiti. Nikinyamaza, binti yangu na mumewe watahama. Nifanye nini?

Wako,
Mama Mpokea Mbao

*

Mama Mpokea Mbao,

Nikupe pole kwanza, kugombeza kunafuata. Watu wanaokupenda walikaa kikao kuhusu maisha yako bila kukuita, na hilo si sawa hata wangekujengea ghorofa. Mtu anayeipenda kazi yake hapumzishwi kwa nguvu. Hapo pole yangu imeishia.

Usijidanganye kwamba zilizoharibika ni mbao tu. Msumeno uliopata moto ungeweza kukatika, na aliyekuwa karibu nao ni mume wa binti yako, na mwingine ni mume wako. Wewe ulikuwa unakunywa chai. Kijana akabeba kosa lako akaomba radhi, kisha akaja na adabu zake zote kukuomba umfundishe, ukamwambia atazoea. Hapo nilivua miwani nikapumua kidogo kabla ya kuendelea kusoma.

Unaogopa kurudishwa ofisini. Hebu fikiria tena lile dirisha unalolilalamikia. Mtu aliyepasua mbao maisha yake yote hakosei upande wa kuweka dirisha. Alikuondoa pale nyuma akashindwa kufanya kazi bila kukuona, ndiyo maana yake, na wewe umekalia habari za barabara na wateja. Nyinyi wawili mna ishara ya kila kitu mpaka ya njaa. "Sitaki kupumzika" haina ishara, mama, inataka mdomo.

Kesho asubuhi, kabla mashine haijawashwa, waite mume wako, mkwe wako na vibarua waliokuwepo siku ile. Sema kwamba ulisikia msumeno unaharibu, ungeweza kuwaonya, na ulinyamaza kwa kununa. Usimvute mkwe pembeni. Aligombezwa hadharani, na asafishwe hadharani. Usianze na habari za ofisi wala za kikao, maana ukianza na hizo utakuwa unajitetea, na hukuja kujitetea. Seremala naye umfuate kwake umweleze.

Mume wako atanuna. Mwache anune, kisha mkiwa wawili mkumbushe kwamba aliyekuwa anaharakisha ni yeye, na kijana alilaumiwa kwa mwendo usio wake. Hapo ndipo umwambie unataka kubaki kwenye msumeno. Mwambie kama mwenye kiwanda, kwa sababu kiwanda ni chako pia, na usikubali jibu la "tutaona".

Halafu mkwe wako asimame kando yako siku nzima, na kesho yake tena, umfundishe kila unachokijua bila kubania. Siku ya kuchoka kweli itakuja, mama, na siku hiyo mume wako atakuwa bado anasukuma gogo huku akimtazama mtu aliye nyuma. Hakikisha mtu huyo umemfundisha wewe.