Ukingo Ulioanguka

Jumamosi, mchana. Mvua imekatika tangu juzi na milima ya Livingstone imesogea karibu, kama inavyofanya kila hewa inapotakata. Hewa ni safi. Moyo wangu sijaupima.

Ukingo ulioanguka, kwa maana tunayoitumia sisi tunaosaga vioo vya darubini kwa mikono, ni utepe mwembamba kwenye mzingo wa kioo mbonyeo ambao umeteremka kuliko mkunjo wa sehemu iliyobaki unavyoruhusu. Mteremko huo hauonekani kwa jicho wala haugusiki kwa kidole. Lakini mwanga unaoangukia hapo hauendi unakokwenda mwanga mwingine. Hutawanyika, na nyota iliyopaswa kuwa nukta huonekana imeota manyoya. Naanza na maana hii kwa sababu wiki hii nimeitumia kama silaha, na ni haki silaha ijulikane kabla ya kuulizwa imemchoma nani.

Kioo chenyewe nilikisaga mimi, miaka ile biashara ilipoanza kufunguliwa na maduka ya Kyela mjini yakaanza kuwa na vitu. Kabla ya hapo nilikuwa na kioo cha kwenye daftari tu, cha hesabu. Kisha vikapatikana vyote ndani ya mwaka mmoja: unga wa kusagia valvu kwenye duka la vipuri, na unga mwekundu wa kung'arishia ambao Bwana Shaibu, mwenye duka ambaye baba yake alitoka Kilwa, aliniagizia Dar es Salaam bila kuniuliza wa nini. Vioo viwili vinene vya mviringo vilitoka kwenye madirisha ya meli chakavu bandarini Itungi. Lami ya kung'arishia niliichanganya na utomvu wa misonobari ya Tukuyu.

Kazi ni nyepesi kuieleza. Unaweka kioo kimoja juu ya pipa, unakinyunyizia unga na maji, unaweka cha pili juu yake, unasukuma, unavuta, unapiga hatua moja kulizunguka pipa, unasukuma tena. Cha juu hubonyea, cha chini hubinuka. Nililizunguka pipa lile miezi saba, nyuma ya nyumba ya walimu, kila siku baada ya vipindi, mpaka nyasi zikafa kwa umbo la duara. Majirani walisema Mwalimu Tusekile anasaga dawa.

Ambokile alikuwa mkuu wetu wa shule. Ndiye aliyeipeleka darubini kwenye maonyesho Mbeya, na ndiye aliyeiwekea kadi iliyosema imetengenezwa na Mkuu wa Shule. Niliisoma kadi hiyo nikiwa nimepanga foleni pamoja na watazamaji wengine. Nilipomwuliza alinijibu kwa upole, na huo upole ndio ambao sijawahi kumsamehe.

"Dada Tusekile, kamati isingeamini kwamba mwanamke wa Busale amesaga kioo. Mimi nimekisaidia kiaminike."

Kiliaminika. Yeye akapata nafasi ya kusoma ng'ambo, akarudi, akaacha ualimu, akaingia kwenye kakao na kutajirika. Darubini ikakaa sebuleni kwake. Mimi nikabaki na duara la nyasi zilizokufa.

Jumanne hii, saa nane mchana, pikapu yake ilisimama mbele ya nyumba yangu. Sikuwa nimeongea naye kwa miaka. Kioo kilikuwa juu ya dashibodi, kimefungwa kwenye taulo, na jua la Kyela lilikuwa limekipiga njia nzima.

"Ugonile, Mwalimu," alinisalimu kwa lugha ya kwetu, kama watu walioonana jana.

"Ndaga," nilimjibu.

Akaeleza. Ijumaa ijayo anakabidhi chumba cha sayansi alichokijenga kwenye shule moja ya Ngonga. Darubini yake, neno lake hilo, ndiyo itakayotolewa zawadi mbele ya wazazi na wageni. Lakini fedha iliyopakwa usoni mwa kioo ili kiakisi mwanga imekuwa nyeusi. Alikuwa akikisugua mwenyewe kwa majivu na kitambaa kila wageni walipomjia, na safari hii hakikukubali.

"Ukipake tu kile kimaji chako cha fedha," alisema. "Fundi ni wewe, dada. Sisi wengine tunajua kutazama tu."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa na joto la sahani ya wali.

Alipoondoka nilikigeuza. Mgongo ulikuwa umepakwa rangi nyeusi, nzito, ya mlangoni. Nikachukua wembe nikaikwangua, nikiwa nimekilaza kioo mapajani. Sikukwangua kwa hasira; nilikwangua kwa utaratibu, kutoka katikati kwenda nje. Chini ya rangi yalikuwapo maneno niliyoyachora kwa msumari mwaka ule: Tusekile, Busale.

Kumbe aliyaona. Mtu hapaki rangi juu ya kitu ambacho hakukiona.

Nikaingia stoo, nikaziba dirisha kwa blanketi, nikawasha taa ndani ya kopo lenye tundu la sindano, nikasimamisha kioo ukutani na wembe ule ule mbele ya jicho langu. Jaribio la wembe ndilo linaloonyesha kisichogusika: mwanga hutoka tunduni, hupiga kioo, hurudi; unaukata kwa makali ya wembe, na uso wa kioo huumuka mbele yako kama andazi lenye vivuli. Kivuli hukuambia palipo na kilima na palipo na bonde.

Ukingo ulikuwa umeanguka. Uzi mwembamba wa mwanga uling'aa upande mmoja, mahali ambapo kwenye kioo changu haukuwahi kuwapo.

Niliufurahia uzi ule. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nikajipangia hoja. Nikikipaka fedha kama kilivyo na kuliacha jina langu wazi mgongoni, nitakuwa nimetia saini kasoro ya majivu yake. Nikilifunika jina, nitakuwa nimeshika brashi yake. Iko dawa ya tatu, ya mafundi wote duniani: unakata pete ya karatasi nyeusi yenye upana wa kidole, unaufunika ukingo, unapoteza mwanga kidogo, nyota zinarudi kuwa nukta. Dakika kumi. Iko na ya nne: unarudi kwenye unga, unausaga uso wote upya, unakipa kioo ukingo wa kweli. Wiki sita, labda nane.

Kabla jua halijatua nilikuwa nimeviringisha pipa kutoka bandani. Kioo cha chini, mwenzake wa zamani, nilikuwa nimekitunza chini ya kitanda miaka yote hiyo. Nikanyunyiza unga. Sauti ya unga mpya chini ya kioo ni kama mvua ya mawe kwenye bati la mbali. Baada ya mizunguko mitatu uso uliokuwa unaonyesha sura yangu ukawa mweupe kama ukungu wa ziwani, na haukuonyesha sura ya mtu yeyote.

Asubuhi hii alikuja kukichukua. Nilikuwa ninazunguka.

"Gwe Tusekile! Umekifanya nini?"

"Nimekirudisha mwanzo."

"Mwanzo upi?"

"Ule ambao wewe hukuwepo."

Alikishika, akakiinua kwenye mwanga, akakitazama kama mtu aliyeletewa sahani tupu. Nikamweleza juu ya ukingo, kwa istilahi zote, polepole, kama nilivyokuwa nikiwaeleza kidato cha nne. Nikamweleza majivu yake. Hajawahi kushika wembe mbele ya taa.

"Na Ijumaa?" akauliza.

"Ijumaa unalo bomba la darubini, hata kama ni tupu. Wageni wako wanajua kutazama tu."

Alicheka kidogo, kwa mazoea, kisha akaacha. "Watoto wa Ngonga wameahidiwa kuiona Zohali, Mwalimu," alisema, akaondoka bila kioo.

Nilitembea hadi mjini kwa furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nistaafu. Bwana Shaibu, ambaye sasa amefungua chumba cha kompyuta ubavuni mwa duka lake, alinipa mashine hii ya pembeni, ninayoandikia kila mara ukurasa wangu wa mtandaoni wa wasaga vioo.

"Taratibu, Mwalimu," amesema punde, "hivyo vitufe unavipiga kama unawinga kuku."

Nimempa habari yote. Amecheka mpaka akashika kaunta, kisha akaniuliza swali la mtu asiyejua chochote cha vioo: "Na wewe kioo kilipofika hukukilaza? Si umeandika humu humu kila siku, kioo kilale?"

Nimerudi kusoma ukurasa wangu mwenyewe.

Nimeandika hivi, si mara moja: kioo hulazwa usiku mzima, mahali pamoja, bila kuguswa, kisha hupimwa mara tatu. Sababu ni joto. Kioo chenye joto hupoa kuanzia mzingoni. Mzingo hunywea kabla ya katikati, na kwa muda wa saa kadhaa wembe utakuonyesha ukingo ulioanguka ambao haupo. Kesho yake umeondoka. Wanaoanza hudanganywa na jambo hili wote, nami nimewaonya wote.

Kile kilitoka juani, kikakaa mapajani mwangu, kikaenda ukutani. Nilikipima ndani ya saa moja. Nilikipima mara moja.

Inawezekana majivu ya miaka yote yaliuangusha ukingo kweli. Inawezekana pia kwamba kioo kilikuwa kizima kama nilivyokiacha, kikihitaji fedha tu na jina lililokwanguliwa rangi, na kwamba Ijumaa watoto wa Ngonga wangeiona Zohali ndani ya kazi ya mikono yangu, na Ambokile angesimama pembeni huku mgongo wa kioo ukinitaja mimi. Hicho kingekuwa kisasi kikubwa kuliko hiki nilichokitembeza hadi mjini.

Nitaendelea kukizunguka, kesho baada ya ibada nitahamia unga wa pili. Kitakapong'aa nitakilaza, nitakipima mara tatu, na kitakwenda Ngonga na jina langu mgongoni. Hayo nayaweza.

Lakini kipimo cha Jumanne kilikuwa na shahidi mmoja, uso wenyewe wa kioo, na uso huo niliusaga mimi jioni ile ile. Sasa nani atanipimia kama ukingo ulikuwa umeanguka?