Maji ya Baraka mu Moteri

Baba Gaëlle,

Maharage iko mu sufuria, ujipashie. Gari usiiguse! Leo asubuhi imekataa kuwaka, na mutoto amechelewa mutihani juu yako.

Padiri alibariki ile gari ya umeme kwa kuinyunyizia maji inje. We ukaona haitoshi, ukatia ingine mu tanki ya likidi ya kupoza moteri, eti «baraka iingie mpaka ndani». Maji ya baraka iko na chumvi, bwana mukubwa! Chumvi inapitisha umeme. Ile gari inataka likidi yake tu, yenye haipitishi umeme. Nilikuambia, ukacheka.

~~Narudi saa kumi.~~ Nalala kwa mama, Ruziba. Fundi wa Buyenzi anakuja kutoa yote.

Maji yenye ilibaki mu chupa, ukunywe we. Moteri haikukuwa na zambi.

Mama Gaëlle